Kile Chuma Kinene cha Stesheni

Juzi mjukuu wangu kaniambia, "Bibi, wanatengeneza vile vyuma vyenu vya stesheni." Mimi nilikuwa namenya ndizi za mtori. Niliziacha hapo hapo zikageuka nyeusi.

Wewe hukuviona, ngoja nikwambie. Nilipokuwa mtoto, fundi mmoja wa reli alitundika vipande vya reli pale stesheni ya Moshi, kuanzia kikubwa mpaka kidogo, na nyundo ya mti imefungwa kamba. Anayesubiri treni anapiga. Ndio kwanza mitumba ilikuwa imeruhusiwa, basi hata wenye marobota walikuwa wanatua mizigo wanacheza. Magunia ya kahawa yananukia, ndizi zinachomwa, raha tupu.

Ila kile kinene hatukukipiga. Kile kilikuwa kinavuma chenyewe, mmmm, treni ikiwa bado mbali. Baba alikuwa mfunga breki wa treni hiyo. Kikivuma naweka kiganja, nasema, "Shikamoo baba," kinanyamaza chini ya mkono wangu. Halafu treni inatokea, baba anashuka na machungwa ya Muheza.

Siku moja kikavuma, nikasalimia, treni ikaingia. Baba hakushuka. Wenzake walisema walikuwa naye mpaka Kahe, karibu kabisa na Moshi. Alitafutwa kwenye reli, kwenye miwa, haikuonekana hata kofia. Bibi yangu hakulia. Alikuja na jani la sale, lile tunaloombea msamaha sisi Wachagga, ukiletewa huwezi kukataa, akalifunga kwenye kile chuma. Akasema, "Kimevuma, basi amefika. Sisi ndio hatujamwona."

Baadaye treni ya abiria ikaacha kuja miaka mingi, vyuma vikala kutu; sasa ndio imerudi.

Basi nikaenda. Nikamkuta fundi kijana kakishika kile kile, na tupa mkononi.

"Shikamoo bibi. Hiki sauti yake mbovu, nakisugua kiendane na wenzake."

"Marahaba. Hiyo sauti ndiyo ya kumwita baba yangu. Usiiguse."

Akacheka. "Bibi, bosi akisikia kimoja kinaimba kivyake, naulizwa mimi, haulizwi baba yako."

Nikatoa jani la sale kwenye kanga. Nililichuma mpakani mwa shamba letu nikija. Kicheko kikamwisha, kumbe ni Mchagga mwenzangu, mtu wa Kibosho.

"Bibi, hapo umenifunga mikono." Akaweka tupa chini.

Jioni vikatundikwa. Watoto wa shule wakapiga, nikapiga na mimi, nikacheza na mgongo wangu huu. Wakaondoka, tukabaki wawili. Nikaangalia pale palipokuwa na wachoma ndizi, hapana kitu. Magunia ya kahawa hayapo. Bibi yangu tulishamzika migombani. Mara kile kinene kikaanza, mmmm.

Fundi akachungulia reli. "Treni ya leo si ilishapita?"

Nilikuwa nimesimama mbali nacho, mikono yote ndani ya kanga. Nikasema, "Shikamoo baba."

Kikanyamaza.