Arlys Ajiandaa Kuvuka Mto

Kule Dakota Kusini, mtu akisema mwezi wa Mei kwamba anavuka mto, hakuna anayemuuliza anakwenda kufanya nini. Ng'ambo ya mto Missouri, upande wa magharibi, malisho yametobolewa mashimo na wale wanyama jamaa ya kindi wanaobweka mchana kutwa, ndiyo maana watu wakawaita mbwa-nyika. Wenye ranchi hawawapendi hata kidogo, kwa sababu wanamaliza majani ya ng'ombe. Basi kila mwaka, mbegu zikishaingia ardhini, wanaume wa mji ule mdogo hupakia bunduki, meza za kuzifyatulia na mifuko ya mchanga kwenye pikapu, wakaenda kuwapiga risasi wanyama hao mpaka mabega yawaume.

Nimesema wanaume. Wake zao miaka hiyo, kabla simu hazijaanza kuingia mifukoni, kazi yao ilikuwa kuoka kuchen, keki ya Kijerumani, ya kupelekewa mke wa mwenye ranchi, kujaza chupa za kahawa, na kusimama kwenye ngazi ya mlango wakipunga mkono. Arlys Wutzke alipunga mkono huo tangu akiwa bi harusi hadi nywele zikamgeuka mvi.

Lakini Arlys hakuwa mtu wa kuchen tu. Msimu wa baridi, theluji ilipoziba madirisha na barabara isipitike, yeye na mumewe Delmar walishuka katika chumba cha chini ya nyumba wakatengeneza risasi. Maganda yaliyokwisha kutumika hayatupwi kule. Husafishwa, yakatiwa kitakoni fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya. Arlys alisugua maganda mpaka yang'ae, akabandika fataki moja moja kwa kidole gumba. Delmar aliyapitisha kwenye mashine ya mkono, akapima baruti, akakandamiza vichwa. Redio ilisoma bei za ng'ombe. Jiko la mafuta lilikoroma pembeni. Delmar, ambaye hadharani alikuwa na maneno machache kuliko gogo, huku chini alikuwa msemaji: alisimulia upepo ulivyomnyang'anya kofia, mbwa-nyika mzee aliyemkebehi siku nzima bila kupatikana, nyoka wa njuga aliyelala chini ya kiti cha rafiki yake Orrin. Arlys alicheka mpaka akamwaga fataki sakafuni.

"Nipeleke basi nikaone mwenyewe," alikuwa akimwambia.

"Mwakani, mama. Mwakani tutakwenda wote."

Ahadi ni deni, wasema Waswahili, lakini Delmar alikuwa mdeni asiye na haya. Alisema hivyo kila msimu wa baridi, na Arlys kila msimu alimwamini kidogo, kwa kuwa alimpenda. Kisha moyo ukamsimama Delmar akiwa zizini, asubuhi ya kawaida kabisa, na mwakani hiyo ikafa naye.

Baada ya mazishi, Harlan, mdogo wake Delmar, aliomba bunduki ya marehemu. Ndiyo desturi yao: bunduki hufuata damu. Arlys alimpa bila kulia wala kufikiri. Wakati ule hata ungemwomba paa la nyumba angekupa. Kilichobaki kwake ni maboksi ya risasi za mwisho, zile walizotengeneza wawili majira yale ya mwisho, yamepangwa juu ya rafu kule chini.

Msimu wa baridi wa pili wa ujane, Arlys alipanda gari hadi kwa Orrin Tvedt, rafiki wa Delmar wa tangu shuleni, mzee wa Kinorwe mwenye shingo ndefu na utani usio na breki.

"Orrin, mwaka huu navuka mto na nyinyi."

"Karibu, shemeji! Nani atatuokea kuchen?"

"Utaoka wewe. Mimi nitapiga."

Orrin alimtazama, akaona hatanii, akavua kofia. Kuanzia siku ile akawa mwalimu wake. Walinunua bunduki mpya, ya aina ileile ya Delmar, ya risasi zilezile. Akamfundisha kupumua, kutovuta kifyatulio kwa pupa, kuuacha mtutu upoe. Wakatafuta kofia pana, buti ndefu kwa sababu ya nyoka, na mto wa kukalia, kwani Orrin alisema makalio ndiyo huchoka mwanzo. Arlys mwenyewe alimpigia simu mwenye ranchi kuomba ruhusa, na kama ilivyo ada walizungumza kwanza mvua, kisha ndama, kisha magoti ya mwenye ranchi, ndipo ombi likasemwa. Akakubaliwa.

Katika yote hayo Arlys alikuwa na jambo moja moyoni, na alilisema wazi kwa Orrin. Alitaka kupiga zile risasi za mwisho. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ng'ambo ya mto. Ilikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kwenda na mumewe.

Jumamosi moja ya Aprili walitoka kwenda kujaribu bunduki katika shamba la Orrin. Arlys alifungua boksi la Delmar, akachukua risasi moja, akaitia ndani, akasukuma komeo la bunduki. Komeo halikufunga. Akajaribu nyingine. Halikufunga. Ya tatu, vilevile.

Orrin aliichukua risasi, akaigeuzageuza, uso ukamwanguka.

"Delmar alikuwa anabana shingo ya ganda tu, yule shetani," alisema. "Ganda likishalipuka ndani ya bunduki moja, linavimba na kushika umbo la bunduki ile. Ukilibana shingo tu bila mwili, linapiga vizuri sana, lakini kwenye bunduki ileile. Nyingine haliingii. Hukujua?"

"Mashine ilikuwa yake. Mimi nilikuwa wa fataki."

"Ganda kama mume, shemeji. Likishazoea nyumba moja..." Orrin alisita. Aliona utani umekwenda mrama. "Nisamehe."

Arlys alizirudisha risasi tatu ndani ya boksi. Miaka yote ile wamekaa meza moja, mabega yakigusana, na hakuwahi kuuliza mkono wa Delmar ulikuwa unafanya nini.

Jioni ile alimpigia simu Harlan, akamweleza. Harlan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuona jambo upande mmoja tu, basi.

"Hilo dogo, shemeji," alisema. "Mimi nitakuja na bunduki ya kaka. Nitapiga mimi, wewe utakaa nyuma na darubini kubwa, uniambie risasi imeangukia wapi. Risasi za kaka, bunduki ya kaka, mdogo wa kaka. Nani atapata heshima kama hiyo?"

"Na mimi?"

"Na wewe utakuwepo! Si ndilo ulilotaka?"

Arlys alimwambia atafikiri, akakata simu. Akashuka chini, akakaa kwenye kiti chake, si cha Delmar. Akaitazama rafu. Orrin alikwisha kumweleza dawa ya tatizo, na dawa yenyewe ilikuwa chungu: kuzivunja risasi zote. Kung'oa vichwa, kumwaga baruti, kuyabana maganda mwili mzima ndani ya kalibu, kisha kuzijaza upya. Zingeingia bunduki yoyote. Lakini hazingekuwa tena risasi alizofunga Delmar. Kwa hiyo ama risasi ziende salama na yeye akae nyuma kama siku zote, ama aende yeye na aiharibu kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe.

Nadhani wengi wetu tungempigia Harlan. Arlys alimpigia Orrin.

Kifaa cha kung'olea vichwa kinafanana na nyundo. Unafunga risasi ndani ya kichwa cha nyundo hiyo, unaigonga sakafuni, na kichwa cha risasi kinachomoka chenyewe. Orrin alikileta, akaondoa pia kwenye kalibu sindano inayosukuma fataki nje, ili zile alizozitia Arlys zibaki mahali pake. "Nifanye mimi, shemeji," aliomba. "Wewe nenda juu ukanywe chai."

"Lete hapa."

Pigo la kwanza lilikuwa la woga, risasi haikutikisika. La pili aligonga kwa hasira, na ilikuwa hasira ya kweli, hasira ya miaka, hata Orrin akarudi nyuma. Baruti ilimwagika kwenye bakuli. Arlys alilia hapohapo, kwa sauti, bila kujificha, kisha akafunga risasi ya pili.

Walikuwa wamefika boksi la mwisho Harlan alipoteremka ngazi, bunduki ya kaka yake begani. Alikuwa amekuja kupanga safari. Aliyaona maganda matupu, akaona bakuli, akasimama.

"Mmefanya nini? Hizi zilikuwa za Delmar!"

"Zilikuwa zetu," alisema Arlys. "Hizo fataki zote nimezitia mimi kwa kidole hiki. Kaka yako alizifunga zisiingie popote isipokuwa kwake. Hakukusudia, najua. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Ungeniambia unataka kupiga mwenyewe!"

"Nimesema kila mwaka, Harlan, mezani kwangu, mkila chakula changu. Mlicheka."

Orrin alikuwa akikagua dari kwa umakini usio na sababu. Mwishowe Harlan aliishusha bunduki begani, akailaza mezani polepole, akiielekeza kitako upande wa Arlys.

"Ichukue," alisema. Sauti ilikuwa imempungua. "Kama ni hivyo, nenda nayo. Pengine ndivyo angetaka."

Arlys aliiwekea mkono. Kitako kilikuwa kimelainika pale shavu la Delmar lilipokuwa likilala, na kidole chake kilipajua mahali hapo bila kuonyeshwa. Alimtamani mumewe kwa mwili mzima, sauti yake, harufu yake ya mafuta na tumbaku, uongo wake mtamu.

"Rudi nayo nyumbani, shemeji," alisema. "Nina yangu."

Harlan aliipandisha ngazi bunduki ile, ikatoka nyumbani kwa mara ya pili. Mara ya kwanza Arlys hakutoa chozi. Safari hii alilia mpaka Orrin akamshika bega. Kisha akajifuta kwa kiganja, akavuta mizani karibu, na akaanza kupima baruti.