Ukuta wa Nzioka

Nzioka alikuwa fundi wa mawe huko Kitui kusini, mtu wa maneno machache hivi kwamba watu walizoea kumjibia kabla hajafungua mdomo. Kujenga mabwawa ya mchanga alijifunza upande wa Mbooni, akichanganya zege miaka sita, na jambo moja lilimkaa kichwani: ukuta hupandishwa kidogo kidogo, kila msimu wa mvua kiasi cha goti. Mafuriko yakiruka ukuta mfupi hupita na tope na kuacha mchanga, na maji hujificha ndani ya mchanga huo kiangazi kizima.

Kikundi chao cha mwethya, majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu, kilipopewa simiti ya kujenga bwawa na shirika fulani, hakuna aliyefurahi kumshinda Nzioka. Mkewe Nzisa alichota maji Mto Athi na punda, mwendo wa saa tatu kwenda na mwingine kurudi, na nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeanza kumwangusha njiani. Bwawa lingekuwa kwenye korongo karibu na mlango wake.

"Mwaka huu tufike kwenye goti," Nzioka alisema mkutanoni, akiangalia viatu vyake. "Mwaka ujao tuongeze."

Mulei, mwenyekiti, alicheka. "Wageni wa shirika wanakuja Novemba. Tuwaonyeshe goti?"

"Na kama ni goti lako, fundi, hilo ni la mbuzi!" mama mmoja akadakia. Watu wakashika mbavu.

"Litajaa tope," Nzioka alisema, kama mtu anayejisemea.

"Umesema nini?"

"Hakuna, mwenyekiti."

Akajenga. Ukikataa kazi ya mwethya, siku ya kupalilia shamba lako hutaona jembe la mtu. Wanawake walibeba mawe, wanaume wakakoroga zege wakiimba, na baada ya wiki tano ukuta ukapita kichwa cha Mulei. Nzisa alikuja kuugusa.

"Baba Ndinda, kweli nitapumzika?"

"Utapumzika," alimjibu, na moyoni alijua si kweli.

Mvua ilinyesha. Maji yakasimama nyuma ya ukuta, mekundu, mengi. Wageni wakapiga makofi wakaenda zao. Kufikia Februari yalikuwa yamekauka, na mchanga haukuwapo. Kulikuwa na tope refu kuliko mtu, limefunikwa na ngozi ngumu. Punda wa Nzisa aliona majani mabichi katikati, akaingia. Walimvuta kwa kamba mpaka adhuhuri, lakini kila wakivuta alizidi kuzama. Wakamwacha. Alilia mpaka jioni.

Mulei akaitisha mkutano. "Ukuta huu ulijengwa na nani?"

"Nzioka," wakajibu wote.

"Fundi, hii kazi ulikuwa unaijua ama ulitudanganya?"

"Nilisema litajaa tope."

"Lini? Nani alimsikia?"

Yule mama wa goti la mbuzi alikuwa anasuka kiondo. Hakuinua macho. Siku hiyo hiyo jina la Nzioka likafutwa katika mwethya, na msimu ule yeye na Nzisa walipalilia peke yao, mmoja akichechemea.

Mwezi wa Julai shirika lilileta wakulima kutoka Kibwezi waje wajifunze. Mulei alimsimamisha Nzioka kando ya ukuta, kofia mkononi.

"Fundi ni huyu hapa. Hakufuata hatua. Ukuta hupandishwa kidogo kidogo, mnaelewa? Kiasi cha goti kila msimu."

Wageni wakaandika.

Nzisa akatokea kwenye njia ya Athi, mtungi wa lita ishirini mgongoni, kamba imemkaza paji la uso, akiburuta mguu.

"Na huyo mama?" mgeni mmoja akauliza. "Hana hata punda?"

"Punda wake yuko humo ndani," Mulei akasema, akionyesha tope kwa kidole. "Ni mke wa fundi."

Wakacheka, wengine wakiziba midomo. Nzioka akapiga hatua aende kumpokea mtungi. Mulei akamshika mkono.

"Ngoja kwanza. Hawajamaliza maswali."

Nzioka akangoja. Nzisa akapita bila kugeuka, maji yakimdondokea kisiginoni.