Mchoma mikate wa Wambaa na kura za Marekani

Saa kumi na moja alfajiri, sala imekwisha na watu wanatoka msikitini mmoja mmoja. Haroub Mjaka amesimama mbele ya tanuri lake pembezoni mwa Wambaa, kusini-magharibi mwa Pemba, ameshika ubao mrefu wa kutolea mikate. Simu yake ameiegesha kwenye mkebe wa hamira. Kwenye kioo cha simu hiyo ramani ya Marekani inapakwa rangi, jimbo baada ya jimbo.

"Haroub, huko vipi?" anauliza Mzee Jecha, huku akinyoosha mkono kupokea boflo zake za moto.

"Bado wanahesabu, Mzee wangu."

"Wahesabu vyema tu," anasema mzee, na anaondoka akipulizia vidole.

Leo ni Jumatano, Novemba 6, 2024. Marekani walipiga kura jana, na kwa kuwa kwao ni usiku wakati kwetu kunapambazuka, matokeo yao yanaingia Pemba pamoja na harufu ya mkate. Haroub anacheka akilisema hilo. Anasema hakuna mtangazaji duniani mwenye ratiba nzuri ya uchaguzi wa Marekani kumshinda mchoma mikate.

Ana umri wa miaka 49, baba wa watoto watano, na kazi hii aliirithi kwa marehemu baba yake pamoja na tanuri lenyewe. Lakini wengi wanaomjua nje ya Wambaa hawajawahi kula mkate wake. Wanamjua kwa blogu yake, "Kura za Mbali", ambayo huiandika akisubiri unga uumuke. Haimwingizii kitu. Bando analinunua kwa pesa za mikate, na mkewe ameshachoka kumuuliza faida yake.

Anayoyaandika si tafsiri ya habari za watu. Ni maoni yake, na hayana haya. Kuhusu kampeni za Marekani ameandika: "Mtu anaomba kura mwaka mzima na zaidi. Kazi anafanya lini?" Kuhusu yale majimbo machache ambayo wagombea hawaishi kuyatembelea, ameandika kwamba yanabembelezwa kama bibi harusi aliyenuna, ilhali majimbo mengine yanakaa kama wake wakubwa, hakuna anayewauliza wamekula nini.

Kumpenda nani, hasemi. Nilimuuliza mara tatu kwa njia tofauti, na mara zote tatu alinikatia mkate.

Kinachomshughulisha ni kitu kidogo ambacho wachambuzi wakubwa hawakijali. Ni vile vibao ambavyo Wamarekani huchomeka mbele ya nyumba zao, kila mtu na jina la mgombea wake.

"Huyu ana chake, jirani yake ana cha upande wa pili," anasema. "Asubuhi vyote viwili bado vipo. Wengine wanagombana, nasoma, wapo hata wa nyumba moja wasioonana kwa ajili ya kura. Lakini wapo wanaokopeshana mashine ya kukatia majani. Mimi vile vibao nilivitazama sana. Sikuwa namtazama mgombea."

Kwa nini mchoma mikate wa Wambaa avitazame sana vibao vya Marekani, jibu lake liko ng'ambo ya njia, hatua chache kutoka tanurini. Hapo ndipo anapoishi kaka yake, Suhaib.

Zamani tanuri hili lilikuwa la watu wawili. Suhaib, mkubwa, alikuwa mtu wa kuni na moto, na Haroub alikuwa mtu wa unga. Ikaja Machi 2016, uchaguzi wa marudio wa Zanzibar, ule uliofuata kufutwa kwa uchaguzi wa Oktoba 2015 na ambao watu wengi kisiwani waliususia. Suhaib alisusia. Haroub alikwenda kupiga kura.

Sababu yake haelezi kwa urefu. "Niliona kura ni yangu, nikaenda," anasema, na anaishia hapo.

Wino wa kura ulikaa kidoleni siku nyingi. Mtu wa ofisini angeweza kuuficha mfukoni. Haroub kazi yake ni kukabidhi. "Kila mkate niliompa mtu, kidole kilitangulia," anasema. "Mtu anakiona, anarudisha mkono wake."

Asiyewahi kuishi Pemba miaka ile pengine hajui neno kususiana lina uzito gani huku. Si kununiana. Mtu anayesusiwa hauziwi wala hanunuliwi, haitikiwi salamu, haendewi harusini na, baya kuliko yote, haendewi mazikoni. Na tusidanganyane, kila upande ulisusia wenzake. Mikate ya Haroub ilirudi ndani ikaliwa na kuku. Suhaib aliliacha tanuri akaingia shambani, kwenye muhogo na mikarafuu michache ya urithi. Hakumtukana mdogo wake. Aliacha tu kusema naye.

Mwanzoni mwa mwaka 2017, katika mfungo nane, yaani mwezi wa nane baada ya Ramadhani kwa kalenda ya Kiislamu, mama yao, Bi Mwanawema, akafariki.

Haroub anapofika hapa anaacha kazi. Anajifuta mikono kwenye kikoi, ingawa haina unga.

"Watu walikuwa wachache," anasema. "Waliosusia hawakuja kwa sababu yangu. Waliopiga kura hawakuja kwa sababu ya kaka. Mama yangu alikuwa mkunga, ndugu mwandishi. Nusu ya kijiji hiki ilitoka mikononi mwake. Nikatazama kaburini, nikaona watu naweza kuwataja wote kwa majina."

Ndugu hao wawili walilishika jeneza, mmoja kulia, mmoja kushoto, bila kutazamana. Kaburi lilikuwa moja kwa sababu hapakuwa na njia ya kuchimba mawili. Lakini hitma, kisomo cha kumrehemu marehemu, zikawa mbili, moja nyumba hii, moja nyumba ile, siku moja na saa moja, na jirani akalazimika kuchagua mlango. Tangu hapo kila mwaka, ikifika mfungo nane, Bi Mwanawema husomewa mara mbili. Niliposikia hivyo niliona aibu, na mimi si wa Wambaa wala si wa nyumba hiyo.

Kususiana kwenyewe kulilegea baada ya miaka kadhaa. Watu walichoka. Mikate ikaanza kununuliwa tena, harusi zikaanza kuchanganya watu. Nyumba hizi mbili ndizo zilizobaki vilevile.

Haroub alijaribu kuyaandika ya nyumbani kwenye blogu, akaishia kutukanwa na pande zote mbili ndani ya asubuhi moja. Ndipo akahamia Marekani. "Kule hakuna shangazi wa mtu," anasema. "Nikiandika, Mpemba yeyote anasoma bila kujiuliza mimi wa nani."

Wakasoma kweli, na mwaka huu wamesoma kuliko mwaka wowote. Na mwaka huu huu ndipo alipokosea.

Mwezi uliopita alikutana na habari kwenye gazeti moja la huko, la mji mdogo. Alikuwa amefariki mzee mmoja aliyewahi kukipigia kampeni chama chake kwa miaka mingi, katika mji ambao wengi ni wa chama kingine. Palikuwa na picha ya maziko. Jeneza, majani ya kijani, na watu wachache wamelizunguka. Ukurasa ukamtaka alipie ndipo aendelee kusoma. Hakulipia. Aliona hana haja, picha imeshasema.

Akaandika: "Wamemsusia maiti." Ilikuwa makala fupi na kali, na nakiri inaumiza kuisoma. Ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya Pemba, ikavuka Unguja, ikafika kwa Wapemba wa Muscat. Watu wakaandikiana: kumbe hata Marekani! Wengine, nadhani, walipata nafuu fulani.

Asubuhi ya tatu akaja kwenye dirisha la kuuzia mikate Mwalimu Conchesta, mzaliwa wa Bukoba, anayefundisha Kiingereza sekondari na kununua mkate kwa Haroub tangu alipohamia hapa. Yeye aliitafuta ile habari akaipata nzima.

"Shikamoo, kaka Haroub. Ile habari uliisoma mpaka mwisho?"

"Marahaba, Mwalimu. Niliona picha."

"Basi soma na mwisho. Familia ndiyo iliyoomba makaburini waende wao tu. Wenzetu kule wana utaratibu huo, wa ndugu peke yao. Jioni ya kabla yake watu walikwenda kumuaga kanisani, wa vyama vyote, wengine wakakosa pa kukaa. Na mpaka leo majirani wanapokezana kumpelekea mjane chakula. Wale wale waliokuwa wakimpinga."

Mwalimu Conchesta anakumbuka kwamba Haroub hakubisha. "Alikaa kwenye gunia la unga," ananiambia. "Nikaogopa, nikadhani nimemvunjia heshima. Akaniuliza kitu kimoja tu: 'Mwalimu, una hakika walijaa?' Nikamwambia walijaa. Akasema, 'Basi mimi nilimwona mama.'"

Siku hiyo hiyo akaandika kusahihisha. Waandishi tunajua masahihisho yalivyo, mistari miwili, chini, kwa herufi ndogo. Haroub lake alilitia juu kabisa, na kichwa chake kilikuwa "Nilikosea kuhusu yale maziko". Sehemu yake inasema hivi:

"Niliona watu wachache kaburini, na mimi ninajua sababu moja tu ya watu kuwa wachache kaburini. Sababu ile sikuitoa Marekani. Niliitoa hapa, kwenye maziko ya mama yangu, nikawavika wao. Nawaomba radhi watu wa mji ule ambao hawatanisoma. Na mama, yeye naye hatanisoma."

Walikuwepo waliomcheka. Wapo waliomwambia arudi kwenye unga wake. Lakini makala ile ilisambaa kuliko ya kwanza, na watu waliisambaza kimya kimya, bila kuongeza maneno yao.

Jana alasiri nilivuka njia kwenda kwa Suhaib. Nilimkuta akitandaza karafuu kwenye jamvi uani, mrefu kama mdogo wake, mpole wa sauti. Alinikaribisha kwa kahawa. Nilipomtajia blogu, aliendelea kutandaza.

"Mie simu yangu ya kupigia na kupokea tu, yakhe," alisema. "Nilisomewa. Bi Khairat ndiye aliyenisomea." Bi Khairat ni mkewe.

"Uliyaonaje, Mzee Suhaib?" niliuliza.

"Kasema kweli."

Aliokota vikonyo katikati ya karafuu, akavitupa pembeni.

"Sie tulikuwa tukitia moto lile tanuri tangu hatujabaleghe," alisema mwisho. "Mie moto, yeye unga. Hino miaka minane navuta harufu ya mkate kila alfajiri, nanyamaza. Weye mwandishi wadhani rahisi?"

Nikauliza kuhusu hitma ya mwaka huu, maana mfungo nane umeshaandama. "Ijumaa baada ya Alasiri," alijibu. "Kila mwaka iko." Kahawa ilikuwa imekwisha, nikaaga.

Niliporudi sikumficha Haroub. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea chenji yake. Akasema mwakani, Oktoba 2025, sisi nasi tutapiga kura, na hilo ndilo linalomnyima usingizi, si Wamarekani.

"Mpango wangu ni mdogo," alisema. "Siku ile nataka tanuri liwake. Aliyepiga aje, asiyepiga aje, mwenye wino na asiye na wino, wote wachukue mkate hapa dirishani. Sitaandika neno. Nitatia mikate tu. Lakini hata hilo, nitalitakaje kwa majirani ilhali ndani ya nyumba ya mama yangu limenishinda?"

Hayo yalikuwa jana. Alfajiri hii, kundi la pili la mikate limeshatoka na kundi la tatu linaumuka chini ya kitambaa. Vijana wawili wa bodaboda wamesimama dirishani wakibishania jimbo ambalo hata jina lake hawalitamki sawa. Simu inalia kila mara, wasomaji wa "Kura za Mbali" wanataka kujua.

Ndipo anapovuka njia mwanamke mmoja, ushungi wa kijani, kikapu mkononi. Vijana wanapisha. Haroub anamwona kabla hajafika, na ubao wa kutolea mikate unabaki hewani.

Ni Bi Khairat. Hajakanyaga hapa tangu 2016.

"Asalaam alaykum, shemegi."

"Wa alaykum salaam," anajibu Haroub.

"Kaka yako kasema mikate ya hitma utie weye. Na kuni zisikushughulishe, yuaja nazo mwenyewe."

Haroub anaweka ubao chini. Anaonekana anaogopa kukosea tena, asome picha na kuacha maneno. Kwa hiyo anauliza, taratibu:

"Ya hitma ya kwenu?"

Bi Khairat anamtazama kama mama anavyomtazama mtoto mkubwa.

"Ya mama, Haroub. Kwani alikuwa na kwenu na kwetu? Itasomwa nyumbani kwa mama, pale uani, milango yote wazi. Utie ya kutosha watu wote."

Anageuka na kikapu chake kitupu, anavuka njia. Haroub anabaki amesimama. Machozi yanamshuka na hayafuti, na hakuna kati yetu anayejifanya hayaoni.

Kisha anafungua gunia jipya la unga. Simu inalia tena. Kijana mmoja wa bodaboda anaiinamia, anamwambia rangi zimebadilika, aje aone, watu wanamngoja aandike.

"Nani anaongoza, Bwana Haroub?"

"Sijui," anasema Haroub, mikono ikiwa imezama katika unga mpaka viwikoni. "Izime hiyo. Nina mikate ya mama."