Karatasi Kwenye Kioo

Jirani yangu mchoraji wa katuni hawezi kushika penseli kabla hajabandika karatasi kwenye kioo cha dirisha. Vidole vyake vina wino hata akitoka kuoga. Shujaa wake anapaa angani, ana joho na kidevu kama tofali, na kampuni moja kubwa imemshtaki jirani kwamba kamwiba shujaa huyo kwao. "Ni wangu, kaka," huniambia. "Nimemtoa kichwani mwangu." Juzi mahakamani hakimu alimpa karatasi nyeupe. "Haya, mchore hapa tumwone." Jirani akainuka, akaenda moja kwa moja dirishani, akaibandika kiooni. Nyuma ya karatasi hapakuwa na picha yoyote ya kunakili. Akasimama pale, penseli mkononi, akisubiri mistari ijitokeze.