Mkanda Uliokaliwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, iliyonifikia kwa sauti kabla ya macho: kishindo kikavu nyuma ya kiti changu, kama kibuyu kinachogonga jiwe, kisha kilio cha mama yangu. Nilipoweza kugeuza shingo, baba yako alikuwa ameanguka juu yake.

Tulikuwa tunarudi Kisumu kutoka Nairobi, ambako mama alitibiwa macho. Baba yako ndiye aliyetaka tupande ndege, barabara isimchoshe mgonjwa. Nilikuwa na mimba yako, kwa hiyo mhudumu akanikalisha mbele penye nafasi ya miguu. Kiti cha baba yako kikawa kando ya mama.

Unazijua desturi zetu. Mkwe hamgusi mama wa mke wake, wala hakai naye bega kwa bega. Baba yako, kijana mwenye adabu kupita kiasi, alikaa ukingoni mwa kiti, mguu mmoja nje kwenye njia, uso ameuelekeza kwingine kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Alipoutafuta mkanda wake, alipata kipande kimoja tu. Kile kingine mama alikuwa amekikalia.

Angefanyaje? Kupeleka mkono pale, haiwezekani. Kumwambia mama mkwe ainuke, aliona ni afadhali afe. Akafungua gazeti, akalitandaza mapajani. Mhudumu alipopita kukagua, aliona gazeti, akaenda zake.

Tulipovuka milima ya Nandi, mawingu ya alasiri yalikuwa yamesimama juu ya ziwa. Ndege ikadondoka ghafla, kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani. Sisi tuliojifunga tulishikwa viunoni. Baba yako alipaa, akagonga dari kwa kichwa, kisha akamshukia kwa uzito wake wote yule mama aliyeogopa kumgusa kwa kiwiko.

Watu husema ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga, mwanangu, ila ilikuwa imekaliwa.

Bega la mama lilivunjika. Baba yako alilazwa amefungwa shingo, na daktari akaniambia kwamba mfupa ungesogea kidogo tu zaidi, asingetembea tena. Huko nyumbani wazee walishaanza kunong'ona kuhusu kikao cha kutakasa, maana mkwe amemwangukia mama mkwe. Mama hakutaka kusikia. Alipoweza kuketi kwenye kiti cha magurudumu, akaomba apelekwe hadi nje ya pazia la kitanda cha baba yako, akasema naye bila kumwona, kama desturi inavyotaka.

“Mkwe wangu, uliona nimekalia mkanda wako?”

“Niliona, Mama.”

“Na mdomo wako, nani alikuwa ameukalia?”

Muuguzi akageuka upande ili asicheke. Mama hakucheka.

“Ungesema tu, Mama, inuka kidogo. Ningeinuka, tuone aibu wote wawili mpaka Kisumu, iishe. Heshima yako ilitaka kumwacha binti yangu mjane kabla hajajifungua.”

Mama hakubeba tena mtungi kichwani. Baba yako mpaka leo akiitwa hugeuka mwili mzima, na wewe ulipokuwa mdogo ulidhani ni maringo.

Leo wewe nawe unampeleka mama wa mke wako Nairobi kwa ndege, akatibiwe macho, na nimesikia mmepewa viti vya pamoja. Mwanangu, heshima si utumwa. Ukikaa, kabla hujatafuta pa kuweka begi, tafuta ncha zote mbili za mkanda wako. Ufunge chini, kwenye nyonga, ukaze. Umsaidie mama naye kufunga wake. Kama unaona haya, mwite mhudumu. Taa ya mkanda ikizimwa, wewe usifungue, maana hewa inayorusharusha ndege si lazima ije na wingu. Huja hata jua likiwaka. Na kama kuna aliyekukalia mkanda, awe mama mkwe, awe askofu, mwambie kwa upole ainuke. Aibu hupita. Shingo haina ya pili.

Haya, gari linakungoja. Mungu awabebe kama mtu anavyobeba yai kiganjani, mpande wazima, mshuke wazima, na macho ya huyo mama yaone wajukuu wa wajukuu wake. Usigeuke kuniaga tena, utachelewa. Nausikia mlango ukifungwa nyuma yako.