Foleni ya Viatu Kwenye Miamba

Mwezi uliopita mama alinituma kwenye sanduku lake la bati nimtafutie kitabu cha nyimbo, na chini kabisa, ndani ya gazeti lililofungwa kwa uzi, nikakuta kiatu kimoja. Cha ngozi nyeusi, mguu wa kushoto. Kabla hata sijakigeuza harufu ilinifikia: ngozi iliyokauka na chumvi ndani yake, na nyuma yake, kwa mbali, uvundo wa mwani. Kilikuwa kigumu kama muhogo mkavu. Kwenye mshono palikuwa na unga mweupe, nami niliuonja kwa ncha ya ulimi, msinicheke. Baada ya miaka zaidi ya ishirini, bado ulikuwa chumvi.

Hasira yangu ikaamka papo hapo. Niseme mapema ili tusidanganyane: bahari ni nzuri, sikatai, lakini sikuja kuisifu. Wenzangu ofisini wanapopanga safari ya kwenda kuona miamba ya pwani na vidimbwi vyake, mimi hunyamaza na kukaza taya, nao hudhani nina maringo. Nyinyi nitawaambia sababu.

Tulikaa upande wa chini wa milima ya Mbooni, mahali ambapo ubaridi wa mlimani hauteremki. Watu wa juu walikuwa na chemchemi na maparachichi. Sisi tulikuwa na mto wa mchanga. Wakati wa kiangazi tulichimba kisima katikati ya ule mchanga, maji yakachuruzika kikombe kwa kikombe, na mitungi ikapangwa foleni. Ukishapanga mtungi wako uliweza kwenda nyumbani ukapika, ukafua, ukalala usingizi wa mchana, na ukirudi ungeukuta palepale au umesogezwa mbele kwa haki yake. Aliyeruka foleni alisemwa mpaka kanisani. Ndivyo tulivyolelewa, kwamba maji hukaa mahali pake na mtu ndiye anayeyafuata.

Nilipokuwa darasa la tano, shule yetu ilipanga safari ya Mombasa. Aliyeipanga ni Mwalimu Musembi, mtu mrefu mwenye suti ya kahawia, mwalimu wetu wa jiografia siku za wiki na mzee wa kanisa Jumapili. Alipenda methali, na aliyoipenda kuliko zote ilikuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wiki mbili kabla ya safari alichora ubaoni dunia na mwezi, akatueleza jinsi mwezi unavyovuta maji ya bahari yakajaa na kupwa. Tulinakili mchoro wote. Nilipata alama zote katika swali hilo, na nadhani ndiyo maana bado naukumbuka.

Viatu nilivyovaa safarini havikuwa vyangu. Vyangu vilikuwa vimefunguka midomo, na mama alikuwa amesema nitaenda na akala, zile sandali za tairi. Dada yangu mkubwa, Ndinda, akanionea huruma. Alikuwa aripoti Fomu One Jumanne iliyofuata, na viatu vyake vipya vya ngozi vilikuwa juu ya kabati vikingoja. Ndengu za msimu mzima ndizo zilizovileta. Alinivalisha mwenyewe, akavuta kamba, akaniambia, "Usikanyage hapo nyuma, zitapinda." Nilimwapia kwa Mungu kwamba vitarudi kama vilivyokwenda.

Tuliondoka alfajiri, tukaimba hadi mji wa Kiboko, wengine wakaanza kutapika na nyimbo zikapungua. Adhuhuri basi lilituteremsha kwenye ghuba ndogo iliyozungukwa na kuta za mawe, na bahari ilikuwa imejitoa mbali. Ilikuwa imeacha miamba mieusi yenye meno, na kwenye kila shimo la mwamba palikuwa na kidimbwi cha maji maangavu yenye vitu vinavyotembea ndani. Watoto walipiga kelele. Mimi pia nilipiga kelele, maana sikuwa nimewahi kuona maji mengi hivyo ambayo hayana mwenyewe.

"Vueni viatu," Mwalimu Musembi akasema. "Msiharibu viatu za wazazi na maji ya chumvi. Pangeni hapa, line moja, kama mitungi kwa kisima."

Mwenyeji yeyote angetuambia kwamba kwenye miamba ile viatu ndivyo huvaliwa. Lakini nyayo zetu zilikuwa ngumu na amri ilikuwa amri. Tukavipanga juu ya mwamba bapa ulioingia baharini, jozi kwa jozi, vya mbele vikitazama maji. Mimi nilikuwa nahangaika na kamba za Ndinda, nikazifungua polepole nisizivute, nikawa wa mwisho. Nikaviweka mkiani.

Nilipoinuka mwalimu alinishika bega. "Mwende, wewe ni mtoto mwenye akili. Kaa hapa uchunge viatu. Usitoke hata hatua moja."

Wenzangu wakatawanyika wakichekelea. Nikakaa. Sitawaficha kwamba nililia kidogo. Lakini palikuwa na kidimbwi kidogo karibu na vidole vyangu, chenye ukubwa wa sufuria ya ugali, nacho kilinifariji. Palikuwa na samaki wenye mistari, wembamba kuliko kidole changu. Palikuwa na kaa mdogo aliyejificha ndani ya nyumba ya konokono na kuiburuta kila alikokwenda. Palikuwa na kitu chekundu chenye mikono mitano, kimelala chini kimetulia, nami sikujua kama ni mnyama au ua.

"Hicho ni kiti cha pweza," sauti ikasema juu ya kichwa changu. "Kitazame, lakini kiache majini."

Alikuwa mama mtu mzima, leso moja kiunoni na nyingine kichwani, mkononi ana kijiti cha chuma na ndoo yenye pweza wawili. Miguuni alivaa raba zilizotoboka. Alitazama foleni yetu ya viatu kwa muda, kisha akamwendea mwalimu, ambaye hakuwa mbali, na mimi nilisikia kila neno.

"Mwalimu, maji yanajaa haya. Waambie watoto waondoe viatu vyao pale. Maji ya hapa hayaji kwa mbele tu, yanazunguka kwa nyuma, kwenye mfereji ule."

Mwalimu Musembi akacheka kwa adabu yake ya kanisani. "Asante sana mama. Lakini hiyo mambo ya kujaa na kupwa, mimi ndio nafundisha."

"Haya baba," akasema yule mama. "Ila bahari haikusoma kwako."

Akaenda zake na ndoo yake. Nakumbuka nilimkasirikia kwa kumjibu mwalimu wetu hivyo.

Maji yalikuja kimya, na hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu nilidhani yangenguruma. Kidimbwi changu kilitikisika kidogo, kikapata mlango upande mmoja, na yule kiti cha pweza akafunikwa na maji mapya. Kisha jozi ya kwanza ya foleni ikalowa ncha za mbele. Nikaita. Upepo ukachukua sauti yangu. Nilikuwa nimeambiwa nisitoke hata hatua moja, na nilisimama pale nikiita mpaka jozi ya pili ikalowa, ndipo nikakimbia.

Mwalimu alikuwa amesogea mbali, anapigwa picha. Mguu mmoja juu ya jiwe, miwani ya jua, mkono kiunoni.

"Mwalimu, maji inachukua viatu!"

"Nilikuambia nini?" Hata hakugeuza kichwa, asije akaharibu picha. "Rudi pale nilikuweka!"

Nikarudi. Hapa ndipo hasira hunipanda hadi leo, kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kuokoa viatu vya dada yangu. Ningevinyakua kwanza, nikimbie navyo, basi. Lakini nililelewa kisimani. Mtu hajitangulizi. Nilianza na vya mbele, jozi baada ya jozi, nikivirusha juu penye ukavu, vya Mutua, vya Kalekye, vya yule mvulana aliyeniita kipande cha sabuni kwenye basi kwa ufupi wangu, vyote, kwa zamu yake, huku nikielekea kwenye vyangu. Na wakati huo maji yalikuwa yamezunguka kwa nyuma, kwenye mfereji, kama alivyosema yule mama, yakaanza kula foleni kutoka mkiani.

Nilipoinua macho, jozi tisa za mwisho zilikuwa zinaelea. Viatu vya ngozi havielei kwa muda mrefu. Niliingia hadi kifuani, nami sikujua kuogelea, nikapata kimoja. Mwenzake alizama mbele yangu, taratibu, kamba zake zikiwa zimetandaa.

Tulirudi nyumbani usiku wa siku hiyohiyo, tisa kati yetu tukiwa pekupeku. Mwalimu Musembi hakusema neno njia nzima, na sasa najua alikuwa anatunga. Wazazi walikuwa uwanjani wakingoja. Akasimama mlangoni mwa basi.

"Wazazi, tumerudi salama, Mungu asifiwe. Kulikuwa na hasara kidogo ya viatu. Tulimwachia mtoto mmoja kazi ya kuchunga, yeye akaacha kazi akaenda kucheza na samaki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Kisha akanielekeza kidole.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo niwaambie kuhusu yule mama wa pweza, na picha, na mguu juu ya jiwe. Lakini mimi nilikuwa nimewaangalia wale samaki kweli, na hilo lilinifunga ulimi. Mama alikuja hadi mbele yangu. Akakitazama kiatu kimoja nilichokumbatia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulitoka pale?" Nikasema nilitoka kwenda kumwita mwalimu. Halafu akasema, mbele ya watu wote, "Piga magoti. Omba mwalimu msamaha."

Nikapiga magoti. Changarawe za uwanja ule nazijua. Mwalimu akaniwekea mkono kichwani akasema amenisamehe, na wazazi wengine wakapiga makofi.

Ndinda aliripoti Fomu One na viatu vya mama vya kanisani, vilivyomzidi namba mbili, karatasi zimeshindiliwa mbele. Hakunilaumu hata siku moja, jambo lililoniumiza zaidi. Mama akabaki na patipati, zile ndala za plastiki, za bluu, moja imeshonwa kwa waya. Na hapo akaanza jambo lililonifanya nimchukie, nawaambia ukweli, nilimchukia mama yangu mzazi. Miaka yote alikuwa akiketi kanisani katikati, upande wa dirisha. Mwaka ule alihamia benchi la mbele kabisa. Kila Jumapili alipita katikati ya watu wote na zile patipati zikipiga pa, pa, pa kwenye sementi, akaketi, akanyoosha miguu mbele yake. Watoto walicheka. Mimi niliketi nyuma nikitamani ardhi ipasuke. Niliona ananitangaza, kwamba watu wote waone kile mtoto wake alichomfanyia.

Jambo lingine nililiona bila kulielewa. Mwalimu Musembi ndiye aliyesoma matangazo, na siku zote aliyasoma akiwa mbele, ameshika karatasi kwa majivuno. Mwaka ule alianza kuyasoma akiwa ukutani, kando, karibu na mlango. Ilisemekana macho yake yanasumbuliwa na mwanga wa dirisha.

Basi mwezi uliopita nilitoka chumbani na kile kiatu mkononi. Mama alikuwa barazani anachambua mbaazi. Alikitazama, kisha akarudi kwenye mbaazi zake.

"Mwaitu," nikamwambia, kwa jina letu la kumwita mama, "ulijua haikuwa makosa yangu?"

"Nilijua hapo kwa basi. Wewe hujawahi kutoka mahali umewekwa bila sababu."

"Na ukanipigisha magoti."

Alitoa mbaazi mbovu, akaitupa uani. "Ukiondoa Ndinda, nilikuwa na watoto watatu kwa shule yake. Ningefungua mdomo, angewafungia nyinyi mlango wa shule. Lakini ile ya magoti, nilikosa. Hiyo nakubali."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Miaka zaidi ya ishirini nimekaa na hasira, na kubwa kuliko zote nilikuwa nimemwekea yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Ili nisilie nikamuuliza kitu kingine, nikamuuliza kwa nini basi alinitia aibu kanisani mwaka mzima na zile patipati.

Mama akainua kichwa, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto mzito wa kuelewa.

"Wewe ulifikiri zile zilikuwa zako?" akasema. "Nilikuwa namwonyesha yeye. Kila Jumapili. Mpaka akatoka hapo mbele akaenda kusimama na mlango."

Nikaketi kwenye ngazi. Niliyakumbuka yale pa, pa, pa kwenye sementi, na mimi nyuma nimeinamisha uso, mtu pekee katika kanisa lile aliyekuwa akipiganiwa, na pia mtu pekee aliyeona haya.

"Bado ni mzee wa kanisa," nikasema.

"Najua. Bado nakaa benchi ya mbele." Akazipepeta mbaazi, makapi yakaruka. "Funga hiyo kiatu vizuri uirudishe. Mimi sijamaliza na yeye."

Nikakifunga kwenye gazeti lake, nikakaza uzi.