Siku Dolphine alipompoteza Mama Vera mjini Ohrid

Saa moja kasoro robo asubuhi, Dolphine Akoth anachovya kiwiko ndani ya beseni kupima joto la maji. Anaongeza kikombe kimoja cha maji baridi, anakunja mikono ya blauzi, kisha anaita kwa sauti ya chini kuelekea chumbani: "Voda, Mama. Voda iko tayari."

Voda ni maji. Si neno la Kijaluo, lugha aliyozaliwa nayo Dolphine, wala la Kiganda kinachosemwa na majirani hapa Old Kampala. Ni Kimasedonia, lugha ya nchi ndogo ya Ulaya iliyo kaskazini mwa Ugiriki. Na anayeitwa anatoka polepole, mkono wa kushoto ukipapasa ukuta: bibi wa Kizungu mwenye umri wa miaka 81, amejifunga leso ya kitenge kiunoni.

"Dolfina, umechelewa," anasema kwa Kiswahili.

Hajachelewa. Aliondoka kwake Bwaise saa kumi na moja na nusu, kama kila siku kwa miaka sita sasa. Lakini habishi. Anamshika mkono, anamketisha, anaanza kumwosha miguu.

Dolphine, 39, ni mtunza wazee. Alizaliwa Ugunja, magharibi mwa Kenya, akaja Kampala mwaka 2012 kutafuta maisha. Ameuza mitumba, amefua mashuka katika nyumba ya wageni ya Kabalagala, kisha akamuuguza mama mkwe wake kwa miaka miwili hadi alipofariki. Hapo ndipo alipojua kwamba kazi hii anaiweza. Leo analipwa shilingi laki sita za Uganda kwa mwezi. Anaishi na mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, katika vyumba viwili ambavyo mwaka jana pekee viliingiwa na maji ya mvua mara tatu.

Bibi anayemtunza ni Vera Ocen. Alizaliwa Ohrid, mji wa kale kando ya ziwa nchini Masedonia. Mwaka 1964, alipokuwa mwanafunzi katika mji mkuu wa Skopje, alikutana na Tarcisio Ocen, kijana kutoka kaskazini mwa Uganda aliyepelekwa huko kusomea uhandisi. Skopje ulikuwa umeangushwa na tetemeko la ardhi mwaka uliotangulia, na wanafunzi walipewa vibarua vya kusaidia kuujenga upya. Walipendana wakibeba matofali.

Walipotaka kuoana, baba yake Vera alikataa. Walioana hata hivyo. Mwaka 1968, siku ya kuondoka kuja Uganda, dadake mdogo aitwaye Slavka alimsindikiza hadi stesheni ya treni. Baba hakuja.

Mama Vera hakurudi tena. Waliishi Kampala, wakakimbilia Nairobi miaka ya sabini hali ilipochafuka, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Walirudi Kampala mwaka 1980. Barua za Slavka zilikuja mara mbili au tatu kwa mwaka, kisha mwaka 1992 zikakatika. Mama Vera aliandika tena na tena bila kujibiwa. Mwishowe akaamini kwamba nyumbani kwao wameamua kumfuta.

"Nilipoanza kazi hapa, hiyo ndiyo habari ya kwanza aliyonipa," anasimulia Dolphine. "Hata hajaniuliza jina. Aliniambia, mimi kwetu hawanitaki."

Tarcisio alifariki mwaka 2011. Mtoto wao wa pekee, Benedicte, anaishi Kanada na ndiye anayemlipa Dolphine. Miaka mitatu iliyopita, Mama Vera alianza kusahau. Kwanza majina ya watu, kisha kama jiko limezimwa, kisha lugha. Daktari alimweleza Benedicte kwamba ugonjwa huu mara nyingi huanza kula yaliyokuja mwisho na kuacha ya utotoni. Kiingereza kilipotea kabla ya Kiswahili. Zilikuja siku ambazo hata Kiswahili hakikuwepo.

"Siku moja aliniomba kitu. Nikamletea chai, akalia. Nikamletea sweta, akalia zaidi. Mpaka jioni ndipo nikajua alikuwa anaomba maji. Mtu mzima ameshinda na kiu nyumbani kwake, na mimi nimekaa hapo hapo."

Dolphine hakulala vizuri usiku huo. Kesho yake alianza kujifunza. Mama Vera anapokuwa na siku nzuri, anamuuliza neno moja au mawili na kuyaandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Mkate, maumivu, choo, baridi, polepole. Amefikisha maneno themanini na kidogo. Lililomchekesha zaidi ni "baba". Katika lugha hiyo, anasema, baba ni nyanya, yaani bibi.

Ni Benedicte aliyeamua kwamba mama yake aione Ohrid kabla hajaisahau. Alipanga wakutane wote watatu Skopje mwezi Mei mwaka jana. Viza ya Dolphine ilikataliwa mara ya kwanza, ikakubaliwa mara ya pili. Kisha, siku tisa kabla ya safari, Benedicte alinyimwa likizo kazini. Tiketi zilikuwa zimeshakatwa.

Dolphine alikuwa hajawahi kupanda ndege. Benedicte alimpigia simu kila siku kumtia moyo, na ili kuwarahisishia mambo akawakatia nafasi katika safari ya watalii ya siku moja: basi linatoka Skopje asubuhi, linafika Ohrid baada ya mwendo wa saa tatu, watu wanatembezwa na mwongozaji, linarudi jioni. Mama Vera angeuona mji wake wa kuzaliwa kama mgeni mwingine yeyote, nyuma ya mwavuli wa njano wa mwongozaji.

"Benedicte aliniambia jambo moja tu la kushika," anakumbuka Dolphine. "Dada Dolphine, usiuachie mkono wake."

Mwongozaji alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, aliyezungumza Kiingereza. Aliwaonyesha ziwa, safi hata mawe ya chini yanaonekana. Aliwapitisha kwenye vichochoro vya mawe ambako ghorofa za juu za nyumba zimechomoza hadi karibu kugusana na za upande wa pili. Mama Vera alitembea na mkongojo wake. Uso wake haukuonyesha kama anakumbuka chochote. Dolphine anakiri kwamba alivunjika moyo.

Mchana waliingia katika kanisa la Mtakatifu Sofia, ambalo kuta zake zina michoro ya miaka karibu elfu moja. Dolphine alihitaji kwenda msalani. Alimketisha Mama Vera kwenye benchi uani, akawaomba mume na mke waliokuwa nao kwenye basi wamwangalie. Aliporudi, wale wawili walikuwa wameinua shingo wakitazama dari ndani ya kanisa. Benchi lilikuwa tupu.

"Sijui kama zilipita dakika tano. Nilizunguka ua mzima nikimwita. Nikafikiria ziwa. Nikafikiria Benedicte. Nikajiambia, Akoth, umeua mtu."

Mwongozaji alipiga simu polisi na kuanza kuulizia upande wa ziwani. Ilikuwa saa nane na nusu. Basi lilitakiwa kuondoka saa kumi na moja. Dolphine hakuweza kusubiri. Alikumbuka kwamba Mama Vera, akioshwa miguu asubuhi, hupenda kueleza njia ya kwenda kwao: unaliacha kanisa nyuma, unapanda, unapanda tena mpaka pumzi ikukatike, kuna ukuta wenye bomba la maji, halafu lango.

Akaanza kupanda. Kila aliyemkuta alimuuliza kwa maneno machache aliyokuwa nayo. "Baba? Kade e baba?" Bibi yuko wapi? Huku akionyesha kwa mkono urefu wa Mama Vera na mkongojo wake. Mwanamume aliyekuwa akipaka rangi dirisha alicheka kwanza, akashangaa, kisha akanyoosha brashi kuelekea juu. Mwanamke muuza shanga alifunga kabisa duka lake akafuatana naye.

Baada ya kama nusu saa, walifika kwenye ukuta wenye bomba la maji. Kulikuwa na malango mawili. La kwanza lilikuwa na kibao cha nyumba ya wageni. Nyuma ya lile la pili, Dolphine alisikia sauti anayoijua, ikiongea kwa kasi ambayo hakuwahi kuisikia.

Mama Vera alikuwa ameketi chini ya mzabibu, kahawa mbele yake, akibishana na bibi wa rika lake kuhusu jina la mwalimu fulani wa shule ya msingi.

"Nilikaa chini," anasema Dolphine. "Si kwenye kiti. Chini, kwenye mawe. Nikalia mpaka yule bibi mwenyeji akaniletea maji."

Mwenyeji huyo, jirani wa tangu utotoni, alimkuta Mama Vera amesimama mbele ya nyumba ya wageni, akiita jina la dadake kwenye mlango uliofungwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Iliuzwa miaka mingi iliyopita. Alimtazama mara mbili, akamtambua, akamwingiza ndani.

Dolphine alimpigia mwongozaji, naye akapanda mlima akihema. Ndiye aliyemweleza Dolphine alichokuwa akikisema mwenyeji: Slavka hajafa. Alihamia kwa binti yake katika mji wa Bitola, saa moja na nusu kwa gari. Namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi juu ya friji.

Simu ilipigwa, sauti ikawekwa nje. Mwongozaji alimtafsiria Dolphine kwa kunong'ona. Kwa muda mrefu ndugu hao wawili walitaja tu majina yao. Kisha Slavka akauliza kwa nini dadake aliacha kuandika. Mama Vera akajibu kwamba ni yeye aliyeacha.

Hakuna aliyeacha. Ilichukua siku kadhaa, na simu ya Benedicte kutoka Kanada, kupata picha kamili. Barua za Slavka zilikuwa zikipitia sanduku la posta la ofisi ya Tarcisio. Mwaka 1992 ofisi ilifungwa na sanduku likapewa watu wengine. Slavka naye aliuza nyumba mwaka huohuo na kuhama, na barua yake ya kuwajulisha anwani mpya iliingia kwenye sanduku lile lile. Kila mmoja aliendelea kuandika kwa miaka, kila mmoja akiamini kwamba amekataliwa.

"Miaka zaidi ya thelathini, Mama analia kwamba kwao hawamtaki," anasema Dolphine, akitikisa kichwa. "Kumbe ni sanduku la posta. Hakuna mtu alikuwa amekasirika."

Kuhusu baba yao, Slavka alikuwa na neno pia. Aliposikia kuna mapinduzi Uganda, mzee alinunua redio ya betri, na kila jioni aliketi nayo akitafuta habari za Kampala. Hakuwahi kumtaja binti yake kwa jina. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kuongea redio ikiwa imewashwa. Alifariki mwaka 1979.

Basi lilichelewa kuondoka kwa dakika hamsini. Mwongozaji aliwaeleza abiria sababu, na hakuna aliyelalamika. Keshoye asubuhi Slavka, mwenye umri wa miaka 74, alifika hotelini Skopje akiwa na mkoba wa nguo na sufuria ya pilipili hoho zilizojazwa nyama. Alikaa nao siku tatu. Walilala kitanda kimoja, yeye na dadake.

Bado Dolphine alikuwa na mzigo mmoja. Usiku wa siku ile ya Ohrid alimpigia Benedicte kumweleza ukweli wote, mkono uliouachia na benchi tupu. Alikuwa tayari kufukuzwa kazi.

"Akaniambia, ungeushika vizuri huo mkono, tusingempata mama mdogo. Halafu akaniambia nisirudie tena. Nilipumua. Tangu uwanja wa ndege wa Entebbe sikuwa nimepumua namna hiyo."

Safari haikuponya ugonjwa. Kuna siku Mama Vera hajui kama alikwenda Ohrid au aliota. Lakini ile kauli kwamba kwao hawamtaki haijasikika tena ndani ya nyumba hii. Awali alikuwa akiamka usiku mara mbili tatu analia. Sasa hulala mpaka asubuhi. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Slavka huonekana kwenye simu, na Dolphine huwaacha waongee huku akipiga pasi.

Kwa Dolphine mwenyewe kuna jambo lililogeuka. Wiki chache baada ya kurudi, alipita nyumbani kwa jirani yake wa Bwaise, Concy, muuza mkaa. Baba yake Concy, mzee Opoka, ni askari polisi mstaafu kutoka Gulu, mwenye umri wa miaka 78. Majirani walikuwa wakisema amerukwa na akili, anawatukana watu mchana kutwa. Msichana aliyeachiwa kumwangalia, ambaye anajua Kiganda tu, alikuwa akimwogopa.

Dolphine alisimama mlangoni akasikiliza. Kijaluo na Kiacholi, lugha ya mzee huyo, ni lugha za ukoo mmoja. Neno alilokuwa akilipigia kelele mzee yule lilikuwa "koyo". Ni baridi, kwa lugha zote mbili.

"Nikaingia nikamsalimia, Afande, habari ya leo. Nikamfunika vizuri, nikafunga dirisha. Akanyamaza. Akanishika mkono, akaanza kunihadithia habari za kituo alichofanyia kazi."

Tangu hapo amekuwa akiuliza mtaa kwa mtaa. Bwaise na vitongoji vyake vina wazee wengi wa namna hiyo: askari wastaafu kutoka kaskazini, wajane wao, Wakenya wa zamani, Wakongo. Ameorodhesha kumi na mmoja. Ili watunzwe pamoja, ameona vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Kazo, juu kidogo, mahali ambapo maji ya mvua hayafiki. Benedicte ameahidi kununua viti na magodoro. Concy atashika zamu ya asubuhi, na mama mmoja kutoka Bunia, Kongo, amekubali kuja siku tatu kwa wiki. Jumamosi, Dolphine mwenyewe anasomea cheti cha utunzaji wa wagonjwa. Amebakiza miezi minne.

Anataka kufungua kituo hicho mwezi Januari, mchana tu, ili watoto wa wazee hao waweze kwenda kazini. Sharti lake ni moja: kila mzee awe na angalau mtu mmoja anayeijua lugha yake ya kwanza.

"Dawa zao watatoa madaktari," anasema. "Mimi sitaki mzee mwingine aitwe kichaa kwa sababu tu ameomba blanketi."